Kromosomu 46, na Miaka 33 ya Kuhesabu 48

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Mombasa seli ya binadamu ina kromosomu ngapi, yaani zile nyuzi za DNA zinazobeba urithi. Atakwambia 46 kabla hujamaliza kuuliza, na atakuwa amesema kweli. Lakini kuanzia mwaka 1923 hadi 1956 vitabu vya biolojia duniani kote viliandika 48, walimu wakafundisha 48, na watafiti waliokaa kwenye hadubini wakahesabu 48. Hawakuwa wazembe, na hadubini zao hazikuwa mbovu. Lenzi za mwaka 1923 zilitosha kabisa kuonyesha kromosomu moja moja.

Kisa hiki kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kinaonyesha jinsi namba inavyopatikana katika biolojia ya seli. Kabla mtu hajaona cha kuhesabu, seli imeshauawa, imelowekwa, imepakwa rangi na imebanwa. Kisha mtu huyo amechagua seli ipi aihesabu na ipi aiache. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuongeza au kupunguza. Na kisa chenyewe kinaweza kurudiwa kwa kitunguu kilichonunuliwa Kongowea, kwa hiyo baada ya historia tutaingia jikoni.

Tita lisilofunguliwa

Kwa sehemu kubwa ya maisha ya seli kromosomu hazionekani kabisa. Kila seli ya binadamu ina nyuzi za DNA zenye urefu wa jumla wa kama mita 2, zimetandazwa ndani ya kiini ambacho upana wake kwa kawaida haufiki mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Seli inapojiandaa kugawanyika ndipo nyuzi hizo hujisokota zikawa fupi na nene, na kwa muda mfupi zinaweza kuhesabiwa. Tatizo ni kwamba katika muda huohuo zimesongamana katikati ya seli, hii juu ya ile. Ni sawa na kuambiwa uhesabu kuni zilizo ndani ya tita bila kulifungua.

Walther Flemming, aliyechapisha maelezo maarufu ya mgawanyiko wa seli mwaka 1882, alihesabu katika seli za jicho la binadamu akapata kama 24. Hans von Winiwarter mwaka 1912 alitoa 47 kwa mwanamume na 48 kwa mwanamke. Kisha akaja Theophilus Painter wa Chuo Kikuu cha Texas. Alitumia korodani zilizoondolewa kwa wagonjwa wa hospitali ya magonjwa ya akili, jambo ambalo leo halingepita katika kamati yoyote ya maadili. Aligandisha tishu hiyo ndani ya nta, akaikata vipande vyembamba kwa mashine, akapaka rangi, akahesabu.

Kukata ndiko kulikoleta balaa. Chukua mkate wa mayai uliojaa zabibu ndani, uukate slesi nyembamba, kisha uhesabu zabibu kwa kutazama slesi tu. Zabibu iliyopitiwa na kisu itaonekana kwenye slesi mbili. Nyingine itadondoka. Nyingine mbili zilizogandana utazihesabu moja. Ripoti ya Painter ya mwaka 1921 inaonyesha alikuwa na wasiwasi: aliandika kwamba katika seli zilizokuwa wazi kuliko zote alikuwa amepata 46 tu, lakini nyingine zilionekana kuwa na 48. Ilipofika 1923 alikuwa ameamua: 48.

Hapo tusimame kidogo. Seli bora zilimwambia 46. Seli zenye utata zilimwambia 48. Aliyachukua yote kama ushahidi wa uzito mmoja, na hilo ni kosa ambalo hadi leo hufanywa kwenye maabara kila siku: kudhani kwamba data mbaya, ikiwa nyingi, inaweza kushinda data nzuri iliyo chache.

Maji yaliyopungua chumvi

Karibu miaka 30 baadaye, huko Galveston, Texas, Tao-Chiuh Hsu alikuwa akikuza seli za binadamu kwenye vioo. Siku moja akatazama slaidi na kuona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: kromosomu zimetawanyika vizuri, kila moja peke yake, kama mtu aliyekata kamba ya tita. Alijaribu kulirudia akashindwa. Alibadilisha hiki na kile kwa miezi, kimoja baada ya kingine, mpaka akagundua kwamba maji ya chumvi yaliyotumika kuosha seli siku ile yalikuwa yamechanganywa vibaya. Chumvi ilikuwa kidogo mno. Nani aliyekosea vipimo hakujulikana kamwe.

Mkaazi wa Pwani hahitaji maelezo marefu juu ya chumvi na maji. Ndani ya seli ya binadamu mna chumvi na vitu vingine vinavyolingana na mchanganyiko wa gramu 9 za chumvi ya kawaida kwa lita moja. Iweke seli kwenye maji ya bahari, yenye gramu kama 35 kwa lita, nayo itanyauka kwa sababu maji yake yatatoka nje. Iweke kwenye maji yenye chumvi pungufu, maji yataingia ndani, seli itavimba kama puto, na kromosomu zilizosongamana zitaelea zikaachana. Ukiisimamisha hapohapo kwa dawa ya kukaza, kabla haijapasuka, utapata tita lililofunguliwa. Maabara za leo hutumia kloridi ya potasiamu ya gramu 5.6 kwa lita kwa kazi hii.

Maji ya kuichanganyia yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Visima vingi vya kisiwani na vya Pwani kwa jumla vina maji ya magadi au chumvi. Tuseme kisima kina gramu 3 za chumvi kwa lita. Ukichanganya humo zile gramu 5.6, nguvu ya mchanganyiko itakaribia ile ya ndani ya seli, uvimbe utakuwa mdogo, na utapata tita lilelile la Painter huku ukidhani umefuata maagizo neno kwa neno. Maji yaliyokenekwa ndiyo yanayofaa. Shule isiyo na chombo cha kukeneka inaweza kutumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, mradi msomaji asome chupa mara mbili: asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo.

Turudi kwa Hsu. Sasa alikuwa na slaidi safi kuliko za mtu yeyote kabla yake. Mwaka 1952 alichapisha picha na idadi. Alihesabu 48.

Hili ndilo jambo la kutafakari zaidi katika kisa chote. Nyenzo zilikuwa tayari, macho yalikuwa mazima, na bado namba ya zamani ilisimama. Hsu alikuwa amesomea Chuo Kikuu cha Texas, palepale pa Painter, na Painter alikuwa rais wa chuo hicho hadi mwaka huohuo wa 1952. Lakini hata bila heshima kwa mkubwa, utaratibu wenyewe wa kuhesabu unatosha kueleza kosa. Mtu anayejua jibu ni 48 akipata 46 hurudia, maana anaona ameruka mbili. Hutafuta kromosomu iliyopinda katikati na kuigawa. Akipata 48 huacha kutafuta. Hakudanganya popote, alikagua upande mmoja tu. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kweli hayana. Pazia liko nyuma ya macho.

Ushahidi mwingine uko ndani ya makala yenyewe ya mwaka 1956 iliyorekebisha kosa, tutakayoifikia punde. Humo waandishi wanataja kwamba Eva Hansen-Melander na wenzake wawili huko Sweden walikuwa wamechunguza seli za ini la vijusi vya binadamu majira ya kuchipua ya mwaka 1955. Waliisimamisha kazi kwa sababu walishindwa kuziona kromosomu zote 48. Kila walipohesabu walipata 46.

Watu wa vitunguu

Waliotatua fumbo walitoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Albert Levan, wa Lund, Sweden, alikuwa mtaalamu wa kromosomu za mimea. Mwaka 1938 alikuwa ameeleza jinsi kolchisini, sumu inayotoka kwenye mmea wa kolchikamu, inavyosimamisha mgawanyiko wa seli kwenye mizizi ya kitunguu. Seli hufika hatua ya kromosomu nene na fupi, kisha hukwama hapo, kwa sababu kolchisini huzuia kujengwa kwa nyuzi zinazozivuta kromosomu. Faida yake ni mbili: seli zinazohesabika huongezeka, na kromosomu hazipangwi tena kwenye mstari wa katikati bali hubaki zimetapakaa.

Joe Hin Tjio naye alikuwa mtu wa mimea, mzaliwa wa Java, akifanya kazi Zaragoza, Hispania, na akienda Lund kama mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Desemba 1955 aliunganisha mambo matatu: seli za mapafu ya vijusi zilizokuzwa kwenye vioo, maji ya chumvi pungufu ya Hsu, na kolchisini ya watu wa vitunguu. Kisha akaikandamiza slaidi, namna ileile inayofanyiwa ncha ya mzizi, ili seli nzima ilale bapa bila kukatwa. Hapakuwa na kisu tena.

Tjio na Levan walihesabu seli 261 kutoka kwa vijusi vinne. Karibu zote zilikuwa na 46.

Makala yao ya mwaka 1956 ni fupi, na ina uangalifu unaostahili kufundishwa. Hawakusema moja kwa moja kwamba binadamu ana 46. Walisema hayo ndiyo waliyoyaona kwenye mapafu ya vijusi vinne, na kwamba ni vigumu kukwepa maelezo hayo. Mtu angeweza kudai kwamba pengine seli za mapafu zina idadi tofauti na zile zinazozaa mbegu za kiume. Mwaka huohuo Charles Ford na John Hamerton wa Uingereza walichunguza korodani wakapata jozi 23. Mlango ukafungwa.

Faida haikuchelewa. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Ufaransa walionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa Down wana kromosomu 47. Fikiria ugunduzi huo ungesomekaje kama dunia ingali inaamini 48: mtoto angeonekana amepungukiwa na moja, na kila maelezo yaliyofuata yangekwenda kinyume.

Kuirudia kazi kwa kitunguu

Kitunguu maji kina kromosomu 16, nacho huchaguliwa kwa sababu kromosomu zake ni kubwa sana. Kunde zina 22, lakini ni ndogo kiasi cha kumkatisha tamaa anayeanza. Thomu ina 16 pia, na punje zake mara nyingi huota mizizi upesi kuliko kitunguu kilichokaa sokoni.

Kwangua taratibu mizizi mikavu ya chini bila kuumiza kitako. Choma vijiti vitatu vya meno ubavuni na ukiweke kitunguu juu ya chupa ya jemu, kitako kikigusa maji tu. Kikizama, kitaoza. Hapa kwetu, hasa Februari na Machi, adui ni joto: maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, bakteria huongezeka, na ndani ya siku mbili chupa inanuka na ncha za mizizi zimekuwa za kahawia. Badilisha maji asubuhi na jioni, weka chupa kivulini, na maji ya mtungi ni mazuri kwa kuwa yamepoa. Maji ya kisima cha chumvi yasitumike, maana kitunguu ni mmea usiovumilia chumvi na mizizi itadumaa. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi usiku kucha kwanza.

Baada ya siku mbili hadi nne mizizi itafika sentimita 1 hadi 3. Chagua myeupe yenye ncha imara. Kata sentimita moja ya mwisho, uitumbukize papo hapo kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu 3 na asidi ya asetiki kali sehemu 1. Hii ndiyo dawa ya kukaza: huua seli mara moja na kuacha kila kitu mahali pake. Siki ya dukani haifai kwa sababu ina asidi ya asilimia 4 au 5 tu na iliyobaki ni maji. Asidi kali huunguza ngozi na mvuke wake huchoma macho, kwa hiyo madirisha yawe wazi, glavu na miwani zivaliwe. Acha mizizi humo saa 24, kisha ihamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70 na uiweke kwenye friji, ambako itakaa wiki nyingi.

Hatua inayofuata huharibu kazi nyingi kuliko zote. Seli za mmea zimegandishwa pamoja kwa gundi ya pektini, nayo lazima iyeyushwe ndipo seli ziachane. Weka mizizi kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, dakika 5 hadi 8. Kupata asidi hiyo, mimina mililita 8.3 za asidi iliyokolea kwenye maji, ukifikisha jumla mililita 100. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Sufuria ya maji, jiko dogo na kipimajoto vinatosha, lakini mtu mmoja asimame hapo asiondoke. Joto likishuka hadi 50 mzizi utabaki mgumu na ukiubana utapata bonge lenye matabaka matano ya seli. Likizidi, au dakika zikifika 15, mzizi utamomonyoka na rangi haitashika vizuri.

Suuza kwa maji mara tatu. Asidi iliyobaki huizuia rangi. Paka rangi ya orsini ya asetiki au ya bluu ya toluidini, ungoje dakika 10. Sasa tazama: milimita moja au mbili za mwisho zitakuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine. Hapo ndipo seli zinapogawanyika. Kata hapo, sehemu iliyobaki itupe. Wanafunzi wengi hufanya kinyume, huweka kipande kirefu wakidhani wingi ni bora, kisha hutazama mamia ya seli ndefu zilizoacha kugawanyika na kusema jaribio limeshindikana.

Tawanya ncha hiyo kwa sindano ndani ya tone la rangi, funika kwa kioo kifuniko, gonga juu yake taratibu kwa kitako cha penseli mara kumi au ishirini, weka karatasi ya shashi, kisha bonyeza kwa dole gumba wima kabisa. Dole likiteleza pembeni hata kidogo, seli zitaviringika kama vijiti vya sigara na kazi yote imekwenda. Anza na lenzi inayokuza mara 10, tafuta eneo zuri, ndipo uende kwenye ile ya mara 40.

Neno moja kuhusu lenzi zenyewe, kwa sababu Mombasa ina tatizo lake. Unyevu wa hewa yetu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu hiyo huchora nyuzi nyembamba ambazo anayeanza anaweza kuzidhania sehemu ya seli. Kitu kinachozunguka ukizungusha lenzi ya jicho kimo kwenye lenzi, hakimo kwenye slaidi. Hifadhi hadubini ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya jeli ya silika, na uvikaushe kwenye oveni vinapolowa. Kufuta kwa ncha ya leso au shati huikwaruza lenzi. Karatasi maalumu ya lenzi ndiyo yake.

Namba inavyosomwa

Jaribio rahisi kwanza. Hesabu seli 1,000, na uandike kila moja iko hatua gani. Tuseme 90 zinagawanyika: 60 ziko profezi (kromosomu zinaanza kunenepa), 12 metafezi (zimejipanga katikati), 6 anafezi (zinavutwa pande mbili), 12 telofezi (viini viwili vinaundwa). Seli hizi zimekufa, lakini zinaweza kukuambia saa. Kwa kuwa kila seli ilikuwa ikienda kwa wakati wake, hatua ndefu itakutwa mara nyingi na fupi mara chache, kama vile magari mengi yanavyokutwa Likoni yakingoja feri kuliko yanayopanda. Ikiwa mzunguko mzima wa seli huchukua saa 20, yaani dakika 1,200, basi profezi imechukua kama dakika 72 na anafezi kama 7.

Hizo 7 zichukuliwe kwa tahadhari. Ukihesabu vitu vilivyotapakaa ovyo, tegemea kuyumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi uliyoipata. Kwa seli 60, kuyumba ni karibu 8. Kwa seli 6 ni zaidi ya 2, kwa hiyo anafezi inaweza kuwa dakika 4 au 10. Mwanafunzi anayeandika dakika 7.2 kwa sababu kikokotoo kimesema hivyo amedai usahihi ambao hana.

Kuhesabu kromosomu zenyewe ni kugumu zaidi, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapoharibika. Mwalimu huandika ubaoni "kitunguu: 16", kisha darasa zima huona 16. Michoro hufanana na ya kitabu, hata pale slaidi ilipokuwa bonge la rangi. Alama hupatikana, na mtoto amejifunza kwamba kazi ya hadubini ni kuthibitisha kitabu. Kosa la miaka 33 lilikaa humohumo.

Njia bora inahitaji karatasi tu. Mwalimu asitaje namba. Atoe slaidi za kitunguu na za mmea mwingine, zikiwa na herufi badala ya majina. Darasa likubaliane kabla ya kuanza ni seli zipi zitahesabiwa: ukingo wake uonekane wote, isiguse jirani, na kromosomu zisiwe bonge. Kukubaliana huku kukifanywa baadaye, baada ya mtu kuona namba, kila seli yenye jibu lisilopendeza itapatiwa kasoro. Kila mmoja ahesabu seli zake kumi, aandike kwenye kikaratasi, akikunje. Vifunguliwe pamoja.

Kwa slaidi ya kitunguu, mara nyingi utaona rundo kwenye 16, mkia mrefu upande wa 15, 14 na 13, na chache za 17 au 18. Mkia huo una maana. Ni rahisi kupoteza kromosomu kuliko kuipata: ukibonyeza, seli hupasuka na moja hutoroka, mbili zikilala pamoja huonekana moja. Kuongezeka hutokea pia, pale kromosomu iliyopinda inapohesabiwa mbili kwenye kiuno chake, au jirani anapomwaga zake. Kwa sababu makosa hayaendi sawa pande zote, wastani hautoi jibu. Darasa linaweza kupata wastani wa 15.4, na hakuna kitunguu chenye kromosomu 15.4. Namba inayojirudia zaidi katika seli safi ndiyo yenye uzito, na mikia inaelezwa kwa kasoro za utayarishaji. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini 46 za Painter katika seli zake bora zilipaswa kumshinda.

Hospitali zinazopima kromosomu za mgonjwa zinafuata mantiki hiyohiyo. Chembe nyeupe za damu huchochewa zigawanyike kwa protini itokayo kwenye maharagwe mekundu, hukuzwa kama saa 72 kwa nyuzi 37, husimamishwa kwa dawa ya jamii ya kolchisini, huvimbishwa, hukazwa, kisha hudondoshwa kwenye slaidi na kukauka. Hata hapo hali ya hewa ina sauti. Katika unyevu mwingi slaidi hukauka polepole, seli hutandaa mno hata kupasuka, na kromosomu huchanganyika na za jirani. Katika hewa kavu sana tone hukauka haraka na tita halifunguki. Ndiyo maana maabara makini hudhibiti unyevu wa chumba cha kudondoshea.

Kwa kawaida huhesabiwa seli 20. Ikiwa mgonjwa ana seli zenye hitilafu katika asilimia 10 tu ya mwili wake, uwezekano wa seli zote 20 kuwa za kawaida ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani asilimia 12. Ukihesabu 30, unashuka hadi asilimia 4. Daktari anayesoma "kawaida" kwenye ripoti anapaswa kujua zilihesabiwa seli ngapi.

Kwa hiyo daftari la maabara liandikwe kwa kalamu, lenye tarehe, maji yaliyotumika, joto la asidi, dakika, aliyebonyeza slaidi, na seli zilizokataliwa pamoja na sababu ya kukataliwa. Zile 14 na 13 ziachwe zilivyo. Asiyekubaliana na hesabu ataichukua slaidi hiyohiyo, yenye herufi hiyohiyo, na kuhesabu upya.